Friji ya Zahanati na Wagombea Watatu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wangu ni kuchora jedwali. Mke wangu husema hata siku ya kufa nitaitisha rula kwanza. Basi mwaka wa uchaguzi ulipofika, na wagombea watatu wa kiti cha mwakilishi wadi kule nyumbani wakaanza kutuahidi afya, nilinunua daftari jipya, nikapiga mistari ya safu tatu kwa kalamu nyeusi, na ile nyekundu nikaiweka karibu kwa ajili ya kusahihisha.

Kura yenyewe haikuwa yangu. Mimi naishi Kiamunyi, mjini Nakuru, na ndiko nilikojiandikisha. Kura ilikuwa ya mama yangu, aliyebaki kwenye shamba letu mbele kidogo ya Kabazi, naye ana ugonjwa wa sukari. Hujidunga insulini asubuhi na jioni. Dawa hiyo inataka baridi, na friji ya zahanati ya kijijini ilikuwa imezimika zamani, ikageuzwa kabati la kuwekea mafaili. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nilimpelekea chupa zake kutoka mjini ndani ya themosi yenye barafu, naye akazihifadhi kwenye chungu alichokizika katika mchanga. Mchanga huo aliumwagilia maji kila siku, jinsi anavyomwagilia miche yake ya kabeji. Wakati wa kiangazi nilikuwa naogopa sana, sitaficha. Dawa ikiharibika si lazima ikuonyeshe, na mama hakuwa na insulini ya kubahatisha. Juu ya jedwali langu niliandika swali moja tu: Nani atarudisha friji?

Mgombea wa kwanza ndiye aliyekuwa kitini. Manifesto yake ilikuwa ambulensi. Ilikuwa moja tu, lakini sura yake ilibandikwa pande zote mbili, akicheka, ili mgonjwa asafirishwe katikati ya vicheko viwili. Nilimfuata kwenye mkutano wake pale madukani nikamuuliza kuhusu friji.

"Mwalimu, hiyo ni swali poa sana," akasema, akanishika bega, akanivisha kizibao cha reflekta chenye jina lake.

Niliporudi wiki iliyofuata niliikuta ambulensi barabarani imebeba vipaza sauti vya kampeni. Nyuma yake mama mjamzito alikuwa anapelekwa zahanati kwa pikipiki. Kwa haki ya Mungu, dereva wa ambulensi alimpisha vizuri, tena kwa muziki. Kwenye safu ya kwanza nikaandika sifuri, nikaipigia mstari.

Wa pili alikuwa mkandarasi wa barabara. Manifesto yake ilikuwa kijitabu cha karatasi za kung'aa, chenye picha za rangi: hospitali ya ghorofa tano, lifti, na uwanja wa helikopta. Hayo yote yangejengwa kwenye kijiji ambacho mvua ikinyesha trekta hukwama mbele ya kanisa. Wagonjwa kwenye picha walikuwa Wazungu watupu, wameketi vitandani na meno yao meupe, wala hakuna aliyeonekana kuumwa. Nilitafuta friji ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe nikaipata, kwenye picha ya mkahawa wa hospitali, imejaa soda. Mimi si mwalimu mkatili. Nilimpa nusu alama.

Wa tatu tulimwita daktari, ingawa alikuwa afisa wa kliniki aliyestaafu. Alikuwa amefanya kazi kwenye zahanati yetu miaka mingi, na alipostaafu akafungua duka dogo la dawa hapo hapo kando ya barabara. Manifesto yake ilikuwa karatasi moja ya fotokopi, na sentensi tatu. Friji ya sola. Muuguzi wa pili. Zahanati ifunguliwe Jumamosi. Niliisoma mara mbili nikitafuta uongo. Nilipomuuliza mbona hakuahidi hospitali, akasema, "Hiyo si kazi ya mwakilishi wadi. Nikikuambia nitajenga, nakudanganya."

Kampeni yake ilinitia uchungu. Wenzake waligawa leso, yeye alikuja na mashine ya kupima presha. Watu walipanga foleni wakitarajia unga, wakafungwa mkono kwa kile kitambaa cha kubana, kisha wakaambiwa wapunguze chumvi. Niambie, ni mwanasiasa gani anayeomba kura kwa kuwanyima watu chumvi? Hata hivyo nilimpa alama zote, na pembeni nikaandika "Kazi nzuri", maneno ambayo wanafunzi wangu huyaona mara chache.

Jumapili moja nikampelekea mama daftari. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamsomea safu zote tatu bila haraka, na mifano nikampa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi, mwalimu," akasema. Tangu nianze kufundisha ananiita hivyo, hasa akitaka kunicheka. "Hata mistari imenyooka."

"Kwa hivyo utapigia daktari?"

"Si mlituambia kura ni siri?"

Akaendelea na maharagwe yake. Nilirudi Kiamunyi nikiwa na uhakika kabisa.

Siku ya kupiga kura nilimaliza yangu mapema, nikaenda kumchukua. Kwenye uwanja wa shule ya kijijini, penye kituo cha kura, nikaona wanawake wamezunguka mtu aliyekaa chini. Alikuwa mama. Alikuwa amejidunga dawa, kisha akatoka bila kula ili awahi foleni, na sukari ikamshuka. Alikuwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, na macho yake yalinipita yasinijue. Majirani walimpepea kwa leso walizojifunga viunoni, maana zile zenye sura za wagombea haziruhusiwi hapo. Ambulensi nayo ilikuwa imefichwa nyuma ya kanisa na kufunikwa turubai, kwa kuwa sheria haitaki sura ya mgombea karibu na kituo. Mimi, mwenye daftari lenye majibu yote, nilisimama tu na kulia.

Daktari alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma kabisa. Alikuja mbio, akapiga magoti, akaitisha soda. Akamnywesha kidogo kidogo, amemshika kisogo, huku akimsemesha.

"Mathe, unanisikia? Leo ni siku gani?"

Tulingoja. Mama akapepesa macho. "Si ni ya kura," akasema, na foleni nzima ikacheka kwa nafuu. Walitaka daktari apite mbele apige kura yake, akakataa, akarudi mkiani. Mama alikula ndizi mbili, akasimama, akaingia chumbani, akatoka na kidole chenye wino. Nilijiambia kwamba kampeni hiyo haina mpinzani.

Matokeo yalipotoka, daktari akawa wa mwisho. Ambulensi ilishinda.

Niliwaka moto nyumbani kwa mama siku ya matokeo. Nilisema watu wa huku wanapenda leso kuliko maini yao, nikasema ningeomba uhamisho wa ukoo kama upo. Mama aliniacha nikamaliza, ndipo akasema, "Hata mimi sikumpigia."

"Na vile alikuokoa?"

"Ndio maana. Huyo akishinda anaenda kukaa Nakuru, anavaa tai, tunamuona kwa matanga pekee. Nani atabaki hapa kutuangalia? Huyu wa ambulensi hata akienda, nani atamkosa?"

Katika siku zilizofuata, jirani mmoja baada ya mwingine aliniambia maneno hayo hayo, kila mmoja kwa sauti ya chini, akidhani ni ujanja wake peke yake, na kwamba wengine wangempa daktari kura za kutosha asiaibike. Walikuwa wamempeleka kwenye bunge la kaunti mtu wanayeweza kuishi bila yeye. Kwenye jedwali langu hakukuwa na safu ya jambo hilo.

Daktari naye aliyasoma matokeo kama ambavyo mtu yeyote angeyasoma. Hakugombana na mtu. Alipakia rafu zake kwenye pikapu, akafunga duka, akahamia mjini. Akakodi chumba cha kliniki karibu na stegi ya matatu ya Kiamunyi, dakika chache kutoka kwangu.

Mama siku hizi anaishi nasi, kwa sababu kule hakuna tena wa kumwamsha sukari ikimshuka. Insulini yake iko kwenye friji yangu, karibu na maziwa. Anawalilia ng'ombe wake na hapendi chai yetu, na mimi naona haya kufurahia kuwa naye, lakini nafurahi.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari. Alimtoboa kidole, akapima, akaandika kwenye kitabu chake cha kliniki. Mama akamtazama akiandika.

"Daktari, hatukukunyima kura kwa ubaya," akasema. "Tuliogopa utatuacha."

Kalamu ikasimama. "Nyinyi nani?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole: yeye mwenyewe, mama wa kwa mashine ya kusaga, wale mawifi wawili wa karibu na kanisa, yule aliyezalishwa mapacha na daktari, pamoja na mume wake. Mkono wa kwanza ukajaa, akaingia wa pili.

"Ngoja kidogo," daktari akasema. Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Anza tena. Polepole."