Tulivyohamisha programu yetu ya mboga, na kibanda namba 14 ikawa na wenyewe wawili

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni shosho, nauza mboga za kienyeji soko la Kangemi. Shule niliachia darasa la nne, so mkiona nimekosea mahali mnivumilie. Lakini hii sijaambiwa na mtu, nilikuwa hapo.

Nimeona mkibishana ati open source project iwekwe wapi. Wacha niwaambie yetu.

Mjukuu wangu Nyambura, wa Kileleshwa, alitengeneza programu ya simu na rafiki yake Jaspreet wa Loresho. Ni ya bure, mtu yeyote anaweza kuichukua na kuiongezea. Unaona mboga, jina lake kwa lugha zetu, na vile inapikwa. Mapishi tuliandika sisi wamama wa soko.

Nyuma yake kuna version control, yaani daftari inayokumbuka nani alibadilisha nini na lini.

Nyambura alituambia kila mtu aingie na jina. Sisi tukaweka namba ya kibanda. Sokoni ukiuliza Roselyne utaonyeshwa watatu, ukiuliza kumi na nne unafika.

Sasa, daftari yetu ilikuwa ya ile aina ya zamani, yote inakaa kwa mashine moja ya watu waliotupatia nafasi. Jumatano wakaandika kwamba Ijumaa saa kumi na moja jioni wanafunga. Kitakachobaki kinafutwa.

Tukakutana kwa Nyambura hiyo jioni. Kuhamia Git, ile daftari ya aina mpya, walikubaliana haraka. Shida ikawa mahali pa kuweka.

Nyambura alitaka ile site kubwa yenye kila mtu, ndio wasaidizi watupate. Jaspreet alitaka mashine yetu wenyewe, kwao nyumbani.

"Shosho, tumefukuzwa kwa landlord mmoja, na huyu anatupeleka kwa mwingine," akaniambia.

"Na stima ikipotea Loresho, dunia ingoje mamako awashe inverter?" Nyambura akamjibu.

Kila mmoja akageukia laptop yake. Chai ikapoa.

Mimi nikauliza kitu kimoja tu. Majina yetu yanahama pia?

Jaspreet akasema yanahama, ameshajaribu. Alichukua orodha ya vibanda kutoka ofisi ya soko, kila namba akaipa jina. Akanionyesha mapishi moja.

Kunde za maziwa na musherekha, yale maji ya majivu. Chini imeandikwa Grace Mutheu.

Wakuu, hapo nikamsimamisha. Grace ndiye ako kumi na nne leo. Lakini kabla ya soko kupakwa rangi na namba zote kubadilishwa, kumi na nne ilikuwa ya Roselyne Khasandi. Hizo kunde ni zake. Alikufa akizisifu, na tulimzika Vihiga. Hawezi kurudi kusema ni zangu.

Nikasema itarekebishwa baadaye. Jaspreet akatingisha kichwa. Kwa Git, kila anayechukua nakala anabeba historia yote. Ikishatoka na jina lisilo lake, imetapakaa kwa mashine za watu. Ni sasa ama isahau.

Alhamisi akakuja sokoni na laptop, akakaa kwa kreti kando yangu. Nikamtajia kila kibanda na wenyewe, kabla ya rangi na baada. Tisa, kwanza Beatrice Kemunto, halafu Salome Wairimu. Ishirini na mbili, kwanza Salome, halafu Roselyne mwenyewe. Vibanda vyote, sikuruka hata kimoja.

Ndio akaniuliza namba zilibadilishwa siku gani.

Hapo nikakwama. Majina niko nayo, tarehe sina. Nilifunga macho mpaka mteja akafikiri nimelala.

Halafu nikakumbuka harufu. Rangi ilinuka, tukafungiwa nje siku mbili, na kwa vile sisi huandika tukiwa sokoni, hakuna mtu aliandika chochote. Nikamwambia atafute kwa daftari mahali tulinyamaza.

Akatafuta. Akapata siku mbili tupu.

"Shosho, ndio hii. Kabla ya hapa Roselyne, baada ya hapa Grace."

Ijumaa saa tisa, Nyambura akishusha historia nzima kutoka mashine ya zamani, stima ikapotea Kileleshwa. Hakuwa ameongea na Jaspreet tangu Jumatano. Jaspreet ndiye alipiga. Akasema tu, "Kuja Loresho. Mum ameshawasha inverter."

Walimaliza saa kumi na dakika hamsini. Zilibaki dakika kumi, wakuu.

Leo iko kwa site kubwa, na kila siku nakala nzima inashuka kwa mashine ya Jaspreet. Hakuna aliyeshinda.

Grace nilimwendea mwenyewe, nikiogopa atasema nimemnyang'anya. Akaendelea kuchambua managu yake.

"Zile kunde ni Rose alinifundisha," akasema. "Ningeona jina langu hapo ningenyamaza vipi?"

Nilichojifunza: kabla hujauliza ni wapi bora, uliza kama siku ya kutoka utatoka na kila kitu, pamoja na majina ya watu. Na mtu aingie na jina lake. Kibanda hubadilisha mwenyewe.

Wenye mmeshahama mkaacha historia nyuma, semeni hapa ni nani mlipoteza. Mnitajie kwa jina, mimi nitakumbuka.