Hodi ya Pili

Zamani mshonaji wa chumba cha mwisho alikuwa haitikii hodi ya kwanza. Aliisikia vizuri, akasimamisha cherehani, akanyamaza, ili yule fundi saa aliyekuwa akimtembelea jioni aite tena. Hodi ya pili ilikuwa na tabasamu ndani yake. Ndipo alipojibu “Karibu,” kwa sauti ya mtu aliyeshtuliwa. Kisha wezi wakavunja vyumba viwili, wapangaji wakaamua kufunga kamera langoni, naye mshonaji akainua mkono wa kukubali kabla ya wote. Tangu hapo fundi saa alikuja mara moja tu. “Mimi si mwizi, bibie,” alisema, “ila nikipita chini ya lile jicho, miguu yangu inanyata yenyewe.”

Siku hizi cherehani husimama kila mlango wa jirani unapogongwa. Shingo hugeuka, mkono hupapasa nywele, kisha gurudumu huzunguka tena polepole. Jirani yake, Mama Pacha, aliliona hilo.

“Shoga, tuwaambie wenzetu waiondoe ile kamera?”

Mshonaji akawatazama mapacha wakicheza uani, mlango wa mama yao ukiwa wazi, jambo ambalo kabla ya kamera lisingethubutika.

“Iacheni,” akasema, akaukata uzi kwa meno. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni alilojishonea akaishia kulitundika tu, akafunga mlango, akashika njia ya langoni.

“Wapi huko, umependeza hivyo?”

Akainua uso kuitazama kamera, asipunguze mwendo. “Kaiulize hii. Mimi nakwenda kupiga hodi.”