Springi Iliyomvunja Mkwe Wangu Mkono

Mkwe wangu ana vidole viwili visivyokunjika, na ni mimi niliyeviharibu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Zombe watu hulisimulia vibaya, wengine husema eti nilimpiga na nyundo. Nyundo sikushika. Siku hiyo nilishika jeki.

Pickup yangu ilikuwa na injini ndogo ya petroli. Ilipokufa nikaenda Salama, pale kwa barabara kuu ambapo magari yaliyoanguka huuzwa vipande vipande, nikapata injini ya dizeli ya lori. Lori lenyewe lilikuwa limekunjika kama kopo, na ndani bado kulikuwa na kiatu kimoja. Mwanamume mwingine aliitaka injini hiyo hiyo. Tukashikana mashati, nikampiga kichwa puani, akakaa chini. Nimekuwa hivyo tangu zamani. Shule niliiacha darasa la tatu: mwalimu alinichapa na mpini wa jembe, nami nikamng'ata mkono mpaka damu, nikatorokea dirishani. Ndiyo maana hata haya naandika kwa shida.

Sasa, aliyeifunga injini ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, fundi wa magari pale sokoni. Watu wake ni wa Makueni, mila yetu ni moja. Kwetu, mkwe hapazi sauti mbele ya baba ya mke wake. Hamkatizi, hamwamrishi. Akiona unakosea, ananong'ona mara moja halafu ananyamaza. Ni heshima nzuri, lakini mtu kama mimi anaweza kuitumia vibaya, na niliitumia.

Dizeli ni nzito. Tulipoiteremsha mahali pake, pua ya gari ililala, magurudumu ya mbele yakaegemea ndani.

"Baba," akasema chini chini, "hizi springi ni za injini ndogo. Tutafute nene, za gari ya dizeli, na shoki zake za kupunguza mtikiso."

"Weka raba."

"Baba, raba..."

"Nimesema weka raba!"

Akakata vipande vya tairi kuukuu, akavibana katikati ya mizunguko ya springi ili zisilale. Wengi huku tunafanya hivyo. Gari ikainuka, lakini haikuwa na springi tena, ilikuwa na mawe.

Nikaenda nayo Kyuso kununua mbuzi. Kurudi ndiko kulikoniua. Kila shimo chuma kinagonga chuma, usukani unanipiga vidole gumba, kichwa kinagonga paa. Kwenye mto mmoja mkavu pua ikaingia mchangani, mbuzi wote wakarushwa mbele. Mmoja akavunjika shingo. Mwingine mfupa wa mguu ulitokea nje ya ngozi, nikamchinja hapo hapo kando ya gurudumu. Kisu kilikuwa butu na mimi nina hasira, nilimchinja vibaya. Na nikimkata nilikuwa namtukana mkwe wangu, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilipofika Zombe raba zilikuwa zimeruka zote, gari imeinama kabisa. Na ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja muuza ndengu akapaza sauti: "Mzee, gari yako imepiga magoti! Imeokoka lini?"

"Iache," mwenzake akamjibu, "inamwombea mwenyewe."

Soko likacheka. Nikaingia kwa mkwe wangu nikiwaka.

Springi nene alikuwa ameshazitafuta, ziko ndani ya gunia zinaningoja. Hiyo iliniuma zaidi, kwamba alijua. Akainua gari, akaikalisha juu ya magogo, akaweka jeki chini ya kile chuma kinachobeba gurudumu, akafungua nati. Hapo springi ya zamani bado imebanwa ndani, na kinachoizuia ni jeki tu. Mwenye jeki akiilegeza kidogo kidogo, springi inajinyoosha taratibu, inatoka bila neno. Mwenye jeki nilikuwa mimi.

"Baba," akanong'ona, mkono wake uko ndani akipitisha mnyororo wa kuizuia, "polepole tafadhali. Bado sijafunga."

Watu huniuliza kama nilisikia. Nilisikia kila neno. Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni wanatazama, nimeshachekwa, na sasa mkwe ananiambia polepole. Nikafungua jeki yote kwa mara moja.

Ilitoka na mlio wa bunduki. Ikampiga mkono wa kulia, ikaruka, ikatoboa bati la ukuta. Niliuona mfupa wake, mweupe. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ile ile ya chini, "Baba, umenimaliza kazi."

Binti yangu alikuwa anapika kibanda cha pili. Akaja na mwiko, akanipiga nao usoni mbele ya watu wote. Mtoto kumpiga baba yake kwetu ni laana. Sikuinua mkono. Nilisimama nikapigwa mpaka mwiko ukavunjika.

Hospitali huko Kitui mjini walimfunga plasta. Wiki zote hizo nilikuwa na swali moja tu: atashika spana tena? Wazee wakaniambia nipeleke mbuzi wa kuomba radhi kwa watu wake Makueni. Nikapeleka. Mkwe wangu naye alikuwepo, alikula kwa mkono wa kushoto, hakuniangalia. Plasta ilipotoka, vidole viwili vilikataa kukunjika. Vingine vinashika, lakini si kama zamani.

Nikasema mbele ya wazee, "Tukiwa chini ya gari mimi si baba mkwe wako. Nipigie kelele."

Mzee mmoja akatema mate. "Hiyo si mila."

"Basi njoo wewe ushike jeki," nikamjibu.

Mkwe wangu alikuwa akivikanda vile vidole viwili.

Springi nene tuliziweka sisi wawili, mchana, watu wamejaa mlangoni tena. Safari hii yeye ndiye alikuwa kwa jeki, kwa mkono wa kushoto, na mnyororo tulifunga kwanza. Mimi nimelala chini. Nikaona springi haijakaa vizuri, nikaingiza mkono niisukume.

"Wewe mzee! Toa mkono hapo! Unataka ukatike?"

Tangu nizaliwe sijawahi kukaripiwa hivyo na mtu niliyempa binti.

Nikautoa mkono. Akaanza kupandisha jeki.