Ngozi ya Mbuzi Kwenye Sitaha

"Hicho kitu kitoke," alisema Govender, serahangi msimamizi wa mabaharia, akionyesha kifundo cha mkono wa Thokozile Cele. "La sivyo wewe utoke sitahani."

Kilikuwa kipande cha ngozi ya mbuzi, manyoya yangali juu yake. Kwao Wazulu ni isiphandla, kinga ya mizimu ifungwayo mkononi mbuzi wa tambiko akichinjwa. Hakikatwi, huachwa mpaka kidondoke chenyewe. Cha Thokozile kilikuwa kimeshaanza kunuka.

"Siwezi kukivua, mjomba."

"Sina ugomvi na kwenu, binti. Nimeona winchi ikimvuta mtu kwa pete. Pete ya ndoa tu."

Kilichomkera zaidi ni kwamba mzee alikuwa sahihi.

Thokozile alikulia Umbumbulu, kwenye miteremko ya miwa, ambako bahari ni mstari wa buluu tu siku hewa ikiwa safi, na hakuna ajuaye kuogelea. Kila mwaka mpya bibi yake alishuka ufukweni Durban kujaza chupa za soda maji ya chumvi, ya kunywa na kutapika, kusafisha tumbo na mikosi. Mradi wa kuwavuta watoto kama yeye kwenye elimu ya bahari ulipofika shuleni na hadubini, Thokozile alipeleka tone kutoka chupa iliyojazwa jana yake. Akaona mguu mwembamba wa kijidudu ukipiga, kisha jicho jekundu. Tangu siku hiyo miwa ilimpotea machoni.

Baada ya hapo ilikuja miaka ya kumeza maji ya bwawa la kuogelea huku wenzake wakicheka. Sasa meli ya utafiti ilikuwa gatini, tayari kuondoka, na asiyevuta wavu sitahani safari hii haingii mwaka wa mwisho wa chuo. Ufadhili nao haungoji.

Akampigia bibi yake.

"Gogo, wanasema nikikate. Ni usalama."

"Usalama ndio huo uko mkononi mwako! Nimewaambia waliotangulia kwamba mtoto anakwenda majini, wamlinde. Mbuzi amekufa, ameliwa. Nirudi niwaambie nini?"

"Nikikikata mwenyewe je?"

"Njoo nyumbani nifukize, nikuombee ruhusa, nikivue mimi."

"Gogo, meli inaondoka sasa hivi."

"Kwani hao watu wa meli wamejua leo kwamba una mkono?"

Hapo ndipo hasira ilipopata pa kwenda. Akamfuata Ntombifuthi Shange, mratibu wa mradi, aliyekuwa akihesabu maboya ya kujiokolea.

"Dada, ulikuja kwenye sherehe yetu. Ulipiga picha. Ulikula nyama ya huyu mbuzi!"

"Nilikula, sikatai."

"Na sheria ya sitaha uliijua."

Ntombifuthi akainamisha macho. "Sikuviweka pamoja kichwani, mdogo wangu. Kule nilikuwa Mzulu, huku niko kazini. Kaa maabarani, utatusaidia na sampuli. Mwakani tutakuombea nafasi."

"Mwakani nani atanilipia?"

Ntombifuthi akarudia kuhesabu maboya. Meli ikang'oa nanga Thokozile akiwa ndani.

Alisafiri nyuma ya mstari wa njano, mpaka wa sitaha, uliochorwa mlangoni mwa maabara. Aliusikia wavu ukipanda, winchi ikilia, wenzake wakipiga kelele kwa kitu fulani king'aacho asichokiona. Mara mbili alichukua mkasi wa maabara, akaupitisha chini ya ngozi. Mara mbili aliurudisha. Hakujua kama ni imani au ubishi. Walimletea mitungi, akapanga vijidudu kwa majina yao, vizuri kuliko yeyote, na kazi hiyo haikuandikwa popote.

Siku ya kurudi Ntombifuthi alikuja na simu ya kumrekodi, tabasamu limewekwa tayari.

"Neno moja kwa watoto wa shule, Thoko. Kwamba bahari ni ya wote. Inua mkono kidogo, ngozi ionekane."

"Nitasema. Lakini nitasema kilichotokea."

Ntombifuthi akaishusha simu. "Basi tuache tu."

"Hapana, dada," Thokozile alisema, akavuta kiti na kukaa. "Washa."