Kimto cha Sindano

Mama Pindo ameshona nguo za watu miaka arobaini, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, hakuacha kazi. Cherehani aliiendesha kwa mazoea. Sindano za mkono alitungiwa na mumewe. Kila asubuhi mzee alikaa barazani, akampa mgongo, akatunga sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto cheupe.

"Baba, unatunga sindano au unajenga ghorofa?" alimkemea, maana kazi yenyewe ilimchukua mzee hata saa nzima.

"Subiri, mama. Haraka ya nini?"

Muuguzi alipopita kuandikisha wagonjwa wa macho, mzee alicheka. "Mwandike huyu. Mimi kama sioni, hizi sindano anatunga nani?" Nani angebisha? Akaandikwa mmoja.

Wiki mbili baadaye mzee aligongwa na pikipiki akivuka barabara, akafa palepale. Dereva aliapa kwamba alipiga honi, na kwamba mzee alikuwa anamtazama usoni kabisa. Mama Pindo alimwita mwongo mbele ya watu.

Zamu yake ya upasuaji ilipofika, binti yake alimpeleka karibu kwa kumburuta. Daktari alimweleza kuwa lenzi za zamani walizopandikiza jichoni zilirudisha kuona mbali tu, kwa karibu ukabaki kuhitaji miwani. Hii mpya ni laini, huingizwa ikiwa imekunjwa, kisha hujikunjua humohumo jichoni, na mtu huona nayo mbali na karibu. "Sasa utatunga sindano mwenyewe," alimwambia, akidhani anamfurahisha.

Macho yalipopona, alikaa barazani na kimto mapajani. Sindano nne za mwisho za mzee zilikuwa bado zimechomekwa. Lakini kimto hakikuwa cheupe. Kilijaa vidoa vya kahawia, vidogo, mamia, vingine vimefifia, vingine bado vimekolea. Alikwangua kimoja kwa ukucha. Damu kavu.

Mzee alikuwa akitunga kwa kupapasa. Na yule dereva hakusema uongo.

Siku hizi Mama Pindo anatunga uzi mara moja, unapita. Zile nne hazigusi. Na kila asubuhi, nyuma yake barazani, anaisikia pumzi fupi ya mtu aliyejichoma na hataki kujulikana.

"Polepole, baba," anamwambia bila kugeuka. "Haraka ya nini?"