Alama Nilizompa Mama Mkwe

Nina tabia moja mbaya. Nikianza kitu nikashindwa kukimaliza, nakichukia kitu chenyewe na kila anayekitaja. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kutaja kozi ya posta. Hiyo ilikuwa ya miaka ya tisini. Makaratasi yalikuja kwa bahasha, nikaishia kitabu cha nne, na mke wangu akayatandika kwenye rafu za vyombo. Kila nilipochukua kikombe niliona majibu yangu na wino mwekundu juu yake. Basi miaka zaidi ya kumi baadaye, nilipojiandikisha kwa kozi ya kusomea kwenye kompyuta, ya walimu wanaowasaidia watoto wanaochelewa kujua kusoma, niliapa kwamba hii haitafika kwenye rafu.

Niliisomea katika saiba moja, duka la kulipia intaneti, mjini Machakos, karibu na msikiti. Mwenyewe alikuwa mama wa buibui ambaye wazazi wake walitoka Pwani, na Kiswahili chake kilituaibisha sisi tuliolipwa kukifundisha. Shule ikifungwa jioni nilipanda baiskeli moja kwa moja mpaka kwake. Siku ya kwanza alinitazama nikipambana na kipanya, akasema, "Mwalimu, usikikabe hivyo. Kiguse tu."

Kozi ilikuwa na shughuli kumi na mbili. Ukimaliza moja, kisanduku kando yake kinapata tiki ya kijani na inayofuata inafunguka. Usipoimaliza, iliyo mbele haifunguki, hata ubofye mpaka kidole kife ganzi. Niliupenda ukali huo. Nilinakili kila ukurasa katika daftari kwa sababu sikuiamini intaneti, nikajibu maswali, nikarudia niliyokosa. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa na tiki kumi.

Shughuli ya kumi na moja ilikuwa kusahihishana. Kompyuta ilimpa kila mwanafunzi andalio la somo la mwenzake. Ulitakiwa kumpa alama na kumwonyesha makosa matatu, naye ajibu kama anakubali kila kosa au hakubali. Hilo lisipokamilika, mtihani wa mwisho haumfungukii msahihishaji wala aliyesahihishwa. Tulipewa mpaka Jumamosi. Jumatatu nilifungua andalio nililopangiwa, nikasoma jina lililoandikwa juu, nikaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa sijalitaja popote maishani. Lilikuwa la mama mkwe wangu.

Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya baina ya mtu na wakwe zake. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kumpa mama huyo mkono. Tukikutana njiani kwao, upande wa Tala, nilimpisha na kuangalia mahindi ya watu mpaka apite. Akiwa na neno kwangu alimwambia binti yake, naye binti yake akaniambia mimi, hata kama sote watatu tulikuwa uani. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaribia kustaafu. Nilijua amejiandikisha kwa kozi hiyo hiyo, ila nilijiambia kwamba ndani ya kompyuta watu hawakutani.

Nilifanya kama mkwe yeyote mwenye adabu. Nilimpa kumi kwa kumi, na penye makosa nikaandika: "Hakuna. Kazi safi sana." Kesho yake kisanduku kilikuwa bado cheupe, na mkufunzi wetu wa Nairobi alikuwa ameacha ujumbe: "Haijakamilika. Taja makosa matatu." Nikamwandikia nikiomba nipewe mtu mwingine. Akajibu kwamba orodha imepangwa na kompyuta na haibadilishwi. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kompyuta, nikamkasirikia hata mama wa saiba aliponiuliza, "Mwalimu, mbona ukurasa mmoja saa nzima?"

Jumatano nilimweleza mke wangu jikoni. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kwani unataka mama aanguke juu ya hiyo heshima yako?"

"Siwezi kumsahihisha mama yako."

"Anataka hiyo cheti kabla astaafu. Yeye amemaliza yake yote. Ni wewe umemfungia."

Neno hilo lilinichoma. Muda wote huo nilifikiria tiki zangu na rafu yangu, sikufikiria kwamba njia yake nayo nilikuwa nimeiziba mimi. Mke wangu akampigia mamake simu palepale, nami nikatoka nje. Aliponiita alikuwa bado anatabasamu.

"Mama amesema huko kwa kompyuta yeye ni mwanafunzi kama wengine. Usahihishe vile ungesahihisha mtu yeyote, na uache kumpotezea wakati."

Alhamisi nilienda saiba nikiwa nimevaa koti. Sijui kwa nini. Labda niliona vibaya kwenda mbele ya mkwe na shati tu. Andalio lilikuwa zuri, lakini makosa yalikuwamo. La kwanza, wimbo ulikula dakika kumi za somo la nusu saa. La pili, hakuonyesha atajuaje kama watoto wameelewa. La tatu nililisoma mara mbili. Aliandika kwamba kila mtoto atasimama mbele ya darasa asome silabi ubaoni, na anayechelewa atasoma mwisho, wenzake wote wakimsubiri. Niliandika: "Mtoto huyu ataaibika, na akiaibika hatasoma." Nikafumba macho, nikabofya.

Ijumaa nikakuta majibu. Kosa la kwanza: "Nakubali." La pili: "Nakubali." La tatu: "Sikubali. Nimewasimamisha hivyo zaidi ya miaka thelathini na wamejua kusoma. Mwenzangu aeleze."

Kulikuwa na kitufe cha kuondoa kosa. Ningekibofya, kila kitu kingeisha kwa amani na mtihani ungefunguka. Nilisogeza kipanya mpaka pale, nikakirudisha. Kosa lilikuwa kosa, naye alikuwa ameomba maelezo. Niliandika polepole, kidole kimoja: "Mimi nilikuwa mtoto huyo wa mwisho. Nilisimamishwa mbele ya darasa sijui hata silabi moja, nikajikojolea. Muhula mzima niliondoka nyumbani na mfuko wa vitabu nikajificha kwenye shamba la katani. Nilijua kusoma kwa sababu mwalimu mwingine alinikalisha kando, peke yangu." Hata mke wangu sikuwa nimemwambia hayo. Nilibofya, nikatoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi mama wa saiba aliniita kabla sijaegesha baiskeli. Alikuwa amenifungulia ukurasa. Chini ya maelezo yangu palikuwa na neno moja, "Nakubali," na kando yake tiki ya kijani. Tulifanya mtihani wiki iliyofuata, kila mtu kwake, na sote wawili tukapita.

Likizo ya Desemba tulienda kwao. Alitoka jikoni na sinia la chai, akaniona, akasimama mbali kama ilivyo ada, akageuza uso. Nami nikageuza wangu.

"Mwambie mwalimu," alimwambia binti yake, "siku hizi yule wa mwisho nasoma na yeye kando, wenzake wakiwa nje."

Mke wangu akanigeukia akarudia yote, neno kwa neno, kana kwamba sikusikia.

"Mwambie mama nimeshukuru," nikasema, nikiangalia mahindi.