Mwalimu Raudha na ng'ombe aliyeokoa somo la sanaa

Saa nne kasorobo asubuhi, chumba cha mwisho katika shule moja ya sekondari kata ya Pangani, Kibaha, kinanukia gundi ya mbao. Wanafunzi wameizunguka meza ndefu. Mwalimu Raudha Kibwana anapita nyuma yao taratibu, penseli imechomekwa sikioni juu ya ushungi.

"Pima ubao tena," anamwambia mmoja aliyeshika msumeno. "Ukishaukata mfupi, utaurefusha na nini?"

Darasa linaangua kicheko. Mwenye msumeno anauweka chini na kuchukua rula.

Raudha, mwenye miaka 43, anafundisha sanaa, ubunifu na teknolojia. Anasema akitaja somo lake mbele za watu, huwa kuna swali la pili.

"Wananiuliza, 'Na lingine?' Kana kwamba hilo ni la kupitishia muda tu."

Mzaliwa huyo wa Kisarawe alianza kazi akifundisha historia. Miaka tisa iliyopita, mwalimu wa sanaa alipohamishwa, aliombwa kushika darasa hilo kwa wiki mbili.

"Wiki mbili zile mpaka leo hazijaisha," anasema.

Vifaa ni vya kubahatisha. Darasa zima lina mikasi sita. Brashi hutengenezwa kwa nyuzi za katani, rangi ya kahawia hutoka kwenye udongo wa kando ya barabara, na karatasi huombwa kwenye duka moja la vifaa vya shule huko Sofu, zile zilizochapwa upande mmoja.

Mwaka juzi hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi waliochagua somo hilo walikuwa tisa tu. Mkuu wa shule alimwita na kumweleza kwamba idadi isipoongezeka hadi mwisho wa mwaka, chumba kitageuzwa stoo ya mahindi.

"Hakuwa na ubaya," Raudha anamtetea. "Mahindi ya chakula cha wanafunzi yalikuwa yanalowa kweli. Nilirudi darasani nikakaa. Sikuwa hata na nguvu za kufuta ubao."

Wiki hiyohiyo alikuja mgeni. Alikuwa Mzee Shija Nathanael, mfugaji aliyehamia Ruvu na familia yake kutoka Shinyanga. Binti yake, Selina, alikuwa miongoni mwa wale tisa. Mzee hakutaka hata kiti.

"Mwalimu, nimeuza ng'ombe mtoto asome," alisema. "Nanyi mnamfundisha kuchora ng'ombe!"

Selina, aliyekuwa mlangoni, anasema alitamani ardhi ipasuke.

Raudha hakubishana. Alichukua mchoro wa Selina na kumkabidhi mzee. "Baba, kabla hujamwondoa, nisaidie kitu kimoja. Huyu ng'ombe amechorwa sawasawa?"

Mzee Shija aliutazama kwa muda. "Huyu hawezi kusimama," alisema. "Miguu ya nyuma mmeiweka kama ya meza. Na hii nundu mbona imekaa kiunoni?"

Alichuchumaa, akaomba chaki, akachora sakafuni. Mzee huyo hakuwahi kukaa darasani maishani mwake, lakini mguu aliouchora ulikunja goti kama mguu wa ng'ombe anayeinuka. Wanafunzi walisogea, wakaanza kumuuliza maswali. Aliondoka baada ya saa mbili, na habari ya kumwondoa Selina hakuitaja tena.

Katika maongezi hayo, mzee aliwaeleza shida yake. Kijana wake mkubwa, Isaya, hupeleka maziwa Mlandizi kwa baiskeli, madumu yakiwa yamefungwa kwa mipira. Kwenye makorongo madumu hupinduka.

"Niliwatazama wanafunzi, wakanitazama," anakumbuka Raudha. "Nikawaambia, haya, kazi si hiyo?"

Walipima baiskeli, wakachora, wakaunda kitako cha mbao cha kubebea madumu mawili. Siku ya majaribio hakikufika hata nusu ya njia. Misumari ilichomoka, na lita ishirini za maziwa zikamwagika barabarani.

Raudha alipanda bodaboda hadi Ruvu kuomba radhi. "Nilijua somo langu limekwisha, na safari hii nimelimaliza mwenyewe," anasema.

Mzee Shija alimpokea nje ya zizi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kesho tutakamua tena," alimjibu. "Nyie mmeona palipovunjika?"

Walikuwa wamepaona. Misumari iliondolewa, zikawekwa bolti, na chini wakatandika vipande vya tairi kuukuu ili mtikisiko upungue. Cha pili kilipasuka, cha tatu kilikuwa kizito mno. Cha nne Isaya anakitumia hadi leo.

Kwenye kikao cha wazazi cha mwezi Novemba mwaka huo, Mzee Shija alisimama bila kuitwa. Alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao kwamba kijana wake hamwagi tena maziwa, na kwamba chumba kile kisiguswe. Mahindi yakatafutiwa mahali pengine.

Mwaka huu somo lina wanafunzi 34. Mikasi bado ni sita.

Selina, sasa kidato cha nne, anataka kusomea uhandisi. "Madam hakwambii umekosea," anasema. "Anakuuliza, 'Hapa ulikuwa unafikiria nini?' Unajikuta umeliona kosa mwenyewe."

Mpango wa Raudha kwa muhula ujao ni ususi wa ukili, na wa kuufundisha amekwishampata. Ni mama yake, Bi Mwamvita, anayesuka mikeka huko Kisarawe tangu ujana wake. Mkeka mmoja humchukua wiki tatu, na mpangilio wote wa rangi huuhesabu kichwani, bila kuandika popote.

"Siku zote anasema yeye hakusoma," Raudha anaeleza. "Nilipomwomba aje, alikataa mara mbili. Nikasema nimwache. Juzi akanipigia simu mwenyewe."

Bi Mwamvita hakuuliza habari ya nauli wala posho. Alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, hao watoto nikiingia watasimama, kama wanavyosimama ukiingia wewe?"

Raudha anajifuta macho kwa ncha ya ushungi, huku akicheka.

"Nimemwambia, mama, watasimama wote."